Gari la Daktari Lililobebwa Begani

Najua wengine mmeshaisikia nusu nusu, tena kutoka kwa watu wa Muyinga ambao hawana huruma hata kidogo, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenye aibu yangu: mimi Fidele, mwanamume mzima, mwenye afya, miguu yangu miwili, suti imepigwa pasi, niliwahi kubebwa begani na wanaume wenzangu kama mgonjwa mahututi, nikiwa nimekaa ndani ya gari, na gari lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Ndiyo. Chekeni kwanza, nitaendelea mkimaliza.

Kazi yangu ni kusafisha magari na kuyapiga polishi hapa Gitega. Nasema kupiga polishi, sisemi kuosha, na ubishi wangu juu ya tofauti hiyo ndio ulionifikisha pabaya. Nilijifunzia Mwanza, maana wazazi wangu walikimbilia Tanzania na mimi nikakulia huko, na tuliporudi nyumbani nilirudi na ndoo mbili, mashine moja ya kupigia polishi na majivuno ya kutosha watu wanne. Ndoo mbili kwa sababu moja ni ya sabuni na nyingine ni ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi tena kwenye gari (watu wengi hapa wana ndoo moja, halafu wanashangaa kwa nini rangi imejaa mikwaruzo kama paka amelala juu yake).

Sasa, kuna Daktari Anselmi. Ni daktari wa meno aliyestaafu, alining'oa gego miaka ile nilipofika, akaniona navumilia bila kupiga kelele, akanipenda tangu siku hiyo. (Sikupiga kelele kwa sababu nilizimia, lakini sijawahi kumwambia.) Daktari ana gari ambalo sijasikia kama kuna la pili yake nchi nzima: kijigari cha michezo, viti viwili tu, hakina paa, hakina milango ya maana, unaingia kwa kuvuka ukuta kama mwizi wa kuku. Aliachiwa na Mzungu mmoja rafiki yake aliyekuwa anarudi kwao. Bodi yake ni ya faiba, siyo bati, na uzito wake wote ni kama ng'ombe mmoja aliyenona. Nikiwa nalifuta tairi inabidi nitie jiwe upande wa pili, la sivyo linanihama.

Kulipiga polishi gari la faiba si mchezo. Ukituliza mashine mahali pamoja kwa muda wa kusema Baba Yetu, umeshaunguza rangi, na hakuna fundi wa kukurudishia. Kwa hiyo mashine niliiweka pembeni, nikafanya kwa mkono, kivulini, kipande kwa kipande, pembeni nimebandika solotepu, polishi ya kukwangua kwanza, halafu ile laini, halafu nta, halafu kitambaa laini mpaka mkono unasahau kama ni wako. Nyekundu yake ilikuwa imefifia, imekuwa ya rangi ya kipande cha sabuni kilichosahaulika juani. Nilipomaliza, jamani, watu waliokuwa wanapita na baiskeli walisimama. Nililipenda gari lile kama nimelizaa.

Na kwa nini nilijituma namna hiyo? Kwa sababu ya Consolata. Conso anashona nguo hapa Gitega, kwao ni Muyinga, na tulikuwa tumeshakubaliana sisi wawili, imebaki wazee. Baba yake, Mzee Bonifasi, hatukuwa tumewahi kuonana, ila alikuwa ameuliza kijana anafanya kazi gani, akaambiwa, akasema, "Kuosha gari? Hata mvua inaosha gari." Conso aliniletea maneno hayo akicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilimjibu Mzee Bonifasi kwa ufasaha mkubwa, peke yangu, nikiangalia dari.

Daktari ndiye aliyekubali kuwa msemaji wangu siku ya kwenda kufata irembo, yaani kwenda kubisha hodi rasmi kwa wakwe, na ndiye aliyetoa wazo. Akasema, "Fidele, mukwe wako anasema unaosha. Basi, usibishane na yeye. Mupelekee gari. Mutu akiona, anaona." Macho yake hayamruhusu tena kuendesha safari ndefu, kwa hiyo mpango ukawa hivi: yeye na wazee wangu watangulie Muyinga alfajiri na gari la kukodi, na mimi, kazi za umma za Jumamosi asubuhi zikiisha na barabara ikifunguliwa, nije nyuma na kile chekundu, niingie getini pole pole, kinang'aa, wakwe wote wakiangalia. Mzee Bonifasi akikataa baada ya hapo, basi ni roho mbaya tu. Niliamini hivyo kabisa.

Nilivaa suti ya kijivu na viatu vyeupe. Msiniulize kwa nini vyeupe. Nilikuwa nimeviona dirishani sokoni, nikajiona mimi ndani yake.

Safari kwenye lami ilikuwa kama harusi yenyewe. Karuzi watoto walinikimbilia, Muyinga watu walinipungia, na mimi nikapunga (nilipunga kama waziri, nakiri). Shida ilianza nilipoacha lami kuingia njia ya udongo ya kwa kina Conso. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mbele yangu wanaume wa kilima (kwetu kilima ni kama kijiji) walikuwa bado kwenye kazi za umma, wamekata mtaro kukatisha barabara, wana majembe na miti mirefu ya mikaratusi ya kutengenezea daraja, na daraja bado halipo. Aliyekuwa anawaongoza, anaitwa Nestori, akanijia.

"Ngoja kidogo, kijana. Tunaweka miti, tunatia udongo, utapita."

"Siwezi kungoja, naenda kwa wakwe. Wazee wangu wameshafika."

"Aa, wakwe. Donc, basi hiyo si ya kungoja." Akalizunguka gari, akashika kona ya mbele kwa mkono mmoja, likainuka. Akaangalia wenzake. "Hivi hii iko na moteri ndani kweli?"

Wakacheka, wakaja kujaribu mmoja mmoja, na hapo hapo wakaamua kwamba hakuna haja ya daraja, watapitisha miti miwili chini yake, walibebe juu juu, waliweke ng'ambo. Mimi nikafurahi. Nikatoa kwenye buti mashuka yangu meupe (nayatumia kufunikia gari nikishapaka nta), nikalifunika mbele na pembeni ili mabega yao yasiguse polishi yangu. Mpaka hapo, jamani, hakuna kosa.

Nestori akasema, "Haya, shuka, tubebe."

Nikaangalia chini. Matope yalikuwa mekundu, mazito, ya kumeza kiatu. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema, "Nibebeni nalo tu, mimi mwepesi. Na lazima mtu ashike usukani."

Kushika usukani wa gari lililo hewani. Nestori naye akaviangalia viatu vyangu, akaelewa kila kitu, na kwa heshima ya wakwe akainamia mti wake.

Wakanibeba. Tukavuka mtaro vizuri, ng'ambo napo ni matope, nikasema mbele kidogo, mpaka pakavu. Wao wameshaingia kwenye mwendo, wameanza na wimbo, na mimi nimeshika usukani na kuangalia mbele kama naendesha. Pakavu hapakuja, ikaja mvua. Gari halina paa na viti ni vya ngozi, nilikuwa nimevilainisha kwa mafuta jana yake, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo pale lilionekana la akili: nikavuta shuka moja, nikajifunika pamoja na viti, kichwa na vyote.

Hapa niwakumbushe wale waliokulia upande wa pili wa mpaka kama mimi. Milima yetu hii, gari la wagonjwa halifiki kila mahali. Mgonjwa hubebwa kwenye ingobyi, machela yetu ya kusuka, begani, watu wanapokezana. Na desturi ni moja: ukikutana na ingobyi njiani, unaweka chini ulichonacho na unatia bega. Huulizi ni wa nani, hutoi udhuru, unabeba mpaka akupokee mwingine. Watu hawa ni wema kwelikweli, na siku ile wema wao uliniangukia mimi.

Kwenye njia panda nikasikia baiskeli zinaangushwa na sauti mpya zinasema leteni, leteni. Nestori na wenzake wakapokelewa, na kwa kuwa walikuwa wameacha mtaro wazi barabarani, wakageuka wakarudi kazini mbio. Dakika ile waliokuwa wanajua habari yangu wakaisha. Waliobaki wanajua kitu kimoja tu, kwamba ndani kuna mtu.

"Mugonjwa ni nani?" akauliza mmoja aliyetia bega mbele kidogo.

"Hata mi sijui, tumemupokea hapa chini. Wamesema hawezi kushuka."

"Na gari?"

"Imemufia njiani, nafikiri. Yeye naye akazimia humo humo."

Na mimi siwalaumu. Mtu mzima hutembea, mwenye haraka hupanda gari, lakini watu wakibeba gari na ndani yake kuna mtu amelala kimya chini ya shuka jeupe, wewe ungesema nini? Hata mimi ningetia bega. Nikatoa kichwa kidogo, nikasema kwa sauti, "Jamani, mimi ni mzima. Nishusheni."

Wakapunguza mwendo wote. Halafu mmoja akasema kwa huruma, "Yoo, mwihangane, pole sana. Malaria imepanda kichwani. Tukimbie kidogo."

Wakakimbia. Mmesikia vizuri, walikimbia, na kijigari kikawa kinarukaruka juu ya mabega na mimi ndani yake nimeshikilia usukani, safari hii kwa nguvu zote. Kila niliposema mimi mzima mwendo uliongezeka, mpaka nikajifunza kunyamaza.

Tukapita mahali nikasikia muziki na watu wengi, na harufu ya nyama ya kuchoma. Nikachungulia chini ya shuka nikaona geti limefungwa majani ya migomba pande zote mbili, vile vile kama Conso alivyonielezea. Ni kwao. Nilikuwa napita kwa wakwe zangu mbio, begani, naelekea kituo cha afya. Nikavuta pumzi nipige kelele ya mwisho, na hapo ikatoka sauti nzito getini.

"Simameni nishike."

"Muzee Bonifasi, we iko na wageni."

"Wageni wana viti. Mgonjwa hana."

Pumzi yangu ikarudi yenyewe. Nikasikia anavua koti, anampa mtu, anaingia chini ya mti wa upande wangu, bega lake karibu na sikio langu kiasi kwamba nilimsikia anavyohema. Ningeweza kusema pale pale. Bado ilikuwa mapema, watu wangecheka, tungeingia getini. Lakini jiwekeni mahali pangu: utafunua shuka umwambie nini baba wa mchumba wako, ambaye humjui na hakujui, aliyekubeba na gari? Shikamoo? Nikafumba macho nikajifanya mgonjwa kwa hiari yangu.

Tukienda, mzee akaanza kuzungumza na mwenzake. "Leo kuna kijana anakuja kuniomba binti. Wazee wake wamefika, wamekaa, wamekunywa. Yeye hayupo. Anaosha magari huko Gitega."

"Labda iko njiani."

"Njiani wapi. Ninyi hamumjui huyu tuliyembeba na mmeacha baiskeli zenu kwenye mvua. Yule ana neno na mimi, na hajafika. Mtu ambaye hajui kufika kwa mwenzake, nimpe mtoto wa nini?"

Nilitokwa na jasho mpaka shuka likalowana kwa ndani. Naye mzee akasikia gari linatetemeka (ni mimi niliyekuwa natetemeka), akapitisha mkono juu ya shuka, akanigusa bega. "Vumilia mwanangu," akasema. "Tunafika."

Hapo nilitaka kulia, na sidhani kama ni aibu peke yake. Mzee huyu niliyekuwa nimegombana naye usiku kucha kichwani mwangu, nikamtungia majibu makali, ameacha karamu yake mwenyewe, anapandisha mlima na mti begani kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake halijui. Nikamwombea Mungu ampe mkwe mzuri. Nikakumbuka mkwe ni nani.

Kituo cha afya walitutua barazani. Nesi akafunua shuka, akaona suti, tai, na viatu vyeupe kabisa, havina hata doa.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, dada."

"Wote wanasema hivyo." Akanishika kidole, akanichoma, akaanza maswali huku tukisubiri kipimo, na watu wote wamejaa mlangoni, maana aliyebeba ana haki ya kujua alibeba nini. "Jina?"

"Fidele."

"Unatoka wapi?"

"Gitega."

"Unafanya kazi gani?"

Mzee Bonifasi alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta uso kwa leso, shati limechanika kidogo begani. Nilijibu kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa. "Napiga polishi magari."

Leso ikasimama.

Kipimo nacho kikaiva wakati huo huo, nesi akakiinua kwenye mwanga, akawatangazia, "Hana kitu. Huyu ni muzima kabisa." Sijawahi kuona watu wakisikitika hivyo kwa sababu mtu ni mzima. Mmoja alikaa chini akashika magoti yake. Mwingine aliuliza kama hakuna kipimo kingine.

Mzee akatoka nje, na mimi nikamfuata, kwa sababu ningebaki humo wangenitafutia ugonjwa. Mvua ilikuwa imekatika. Akaondoa mashuka yote, taratibu, na kijigari kikatokea chekundu, matone yamesimama juu ya nta, na chini yake miti ilikuwa imekwaruza pande zote mbili. Akapitisha kiganja juu ya boneti, matone yakakimbia.

"Hii ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo maana ulikataa kushuka? Uliogopa watalichafua?"

Jibu zuri lilikuwa hapo hapo, ameniwekea mkononi. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo, na ningeonekana fundi anayependa kazi yake. Lakini bega la mzee lilikuwa linaonekana kupitia shati, limevimba, jekundu, na nikashindwa. "Hapana, baba. Niliogopa kuchafua viatu."

Aliviangalia viatu. Aliviangalia muda mrefu sana. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika kabla ya mdomo, akacheka mpaka akashika gari kwa mikono miwili, na wabebaji wangu wote wakaona ruhusa imetoka, kilima kizima kikacheka.

"Mi nilikuwa nimeshaamua," akasema alipoweza. "Nilikuwa nakurudisha Gitega leo leo. Lakini sasa nikikukataa, watu watasema Bonifasi alibeba gari la mtu asiyemjua, bure, mvua inanyesha. Nitaenda wapi na aibu hiyo? Heri niseme nilimbeba mkwe wangu." Akanyoosha kidole kwenye miti. "Turudi. Na wewe shika hapo mbele, kwenye matope mengi."

Nikashika. Lingeweza kurudi kwa injini yake, ufunguo ninao mfukoni, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari hiyo. Tuliingia getini kwa wakwe zangu tukiwa tumelibeba begani, mimi na baba mkwe mbele, viatu vyangu havina rangi tena, na Daktari Anselmi alipoona gari lake linakuja juu juu, limezungukwa na watu wanaoimba, alisimama, akavua miwani, akasema, "Fidele, nilikuambia ulete, sikukuambia ulizike." Conso alikuwa dirishani. Aliziba uso kwa kitenge na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hajanieleza kama alikuwa analia au anacheka. Vinywaji tulivyopeleka wakanywa wabebaji, kama ilivyo haki yao, na wazee wangu wakaambulia chai.

Mikwaruzo ya chini niliiondoa kwa wiki nzima, kwa mkono, bila kulalamika. Conso sasa ni mke wangu. Na nimeapa, mbele yake na mbele ya Daktari, kwamba nikifika penye matope natia mguu, hata kama ni viatu vya Papa, na sitamwambia tena mtu yeyote duniani kwamba mimi ni mwepesi. Mzee Bonifasi tukikutana naye sokoni Muyinga huniita "mgonjwa wangu" mbele za watu, kwa sauti ya juu, na mimi huitika kwa heshima zote, kwa sababu bega lile, anasema, bado humuuma akilala upande wa kushoto.